Sema Tu, Nakusikia

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa moyo hunienda mbio, nusu kwa furaha na nusu kwa aibu. Nilikuwa nimeshavuka arobaini, nina mke na watoto watatu, kwa hiyo usidhani nakusimulia utundu wa mvulana. Lakini wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mtu aliyepata kitu kipya hurudi kijana siku hiyo hiyo, hata kama mvi zimeshaanza kumchungulia.

Kitu chenyewe kilikuwa redio ya gari. Siku hizo nilikuwa nikiuza nyavu na kamba pale Dunga, kando ya ziwa, na simu yangu haikujua kupumzika. Mvuvi huyu anataka nyavu, yule anauliza maboya, na mimi niko barabarani, usukani mkono mmoja, simu nimeibana kati ya bega na sikio. Mke wangu alinilaumu mpaka akachoka. Basi fundi mmoja wa Nyamasaria akanifungia redio inayoshikana na simu kwa blutuuthi. Akapachika kipaza sauti kidogo, kama punje ya mahindi, juu ya kioo cha mbele, akaniambia, "Mzee, sasa mikono yote kwa usukani. Simu ikiingia, bonyeza hapa, ongea. Ukitaka irudi kwa simu yenyewe, bonyeza hii ingine."

Hilo la pili sikulisikiliza. Nilikuwa nimeshampigia mke wangu, na sauti yake ilikuwa imejaa gari zima kama kwaya ya kanisa. Nilicheka peke yangu mpaka fundi naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi ya jamaa zetu mjini Kisumu. Nilikuwa na dada, kitinda mimba wetu, Akoth, aliyeolewa na Ouma. Walikuwa wakiishi Nyamasaria, mwaka wa saba wa ndoa, na hawakuwa wamepata mtoto. Akoth alisema anakwenda kusuka nywele asubuhi. Mimi na Ouma tukaenda Maseno kumchukua mama yake Ouma, Mama Rispa, ili naye ahudhurie.

Njiani kurudi, unafikiri nilinyamaza? Nilimpigia mke wangu ili Mama Rispa amsikie. Nikampigia mteja wa Dunga. Nikampigia binamu yangu ambaye sikuwa na neno la kumwambia. Mama Rispa, aliyeketi nyuma na kitambaa chake kipya kichwani, alikuwa akiinama mbele kila mara na kuisalimia dashibodi: "Hamjambo huko? Watoto wamekula?" Ouma alicheka mpaka akafuta machozi.

Kisha yule mama akaniuliza, "Owino, sasa huyu mtu anayeongea, anajua sisi tunamsikia?"

"Mama, hiyo si shida," nikamjibu. "Wewe sikia tu vile sauti iko safi."

Tulikuwa tunateremka kuelekea Kisian, ziwa limeshafunguka mbele yetu, jua linalipiga, simu ikaita. Jina la Akoth likatokea kwenye kioo cha redio. Nikabonyeza kwa madaha, kama mtu anayefungua soda mbele ya wageni.

"Kaka, uko wapi?" Sauti yake ilikuwa ikitetemeka.

"Niko barabarani. Sema tu, nakusikia kama uko hapa ndani!"

Mwanangu, ni maneno hayo tu. *Sema tu.* Nimeyasema mara nyingi maishani na hayakuniletea neno. Siku hiyo yakafungua mlango ambao sikuwa na ufunguo wake.

"Kaka, sikuenda kusuka. Nimetoka kliniki. Nina mimba!" Akacheka na kulia kwa pamoja. "Miezi mitatu! Daktari amenionyesha moyo ukipiga. Lakini usiambie mtu. Hata Ouma usimwambie. Zile mbili zilizotoka zilimvunja, kaka, sitaki kumwona akilia tena. Ijumaa wananipima tena, nikisikia iko sawa ndiyo nitamwambia mwenyewe..."

Nilikuwa nikipapasa ile redio kama kipofu. Nilitafuta kitufe cha kuirudisha kwa simu, nikakamata cha sauti, nikakizungusha. Neno "mwenyewe" likanguruma garini kama tangazo la mkutano wa hadhara.

"Akoth!" Ouma akapiga kelele. "Akoth, ni kweli?"

Nyuma yangu vigelegele vikalipuka. Mama Rispa alikuwa akipiga makofi juu ya kiti changu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nashangilia pia, napiga honi kama bwana harusi. Furaha iliyokuwa ndani ya gari lile sijaiona tena.

Kisha spika zikauliza polepole, "Kaka... uko na nani?"

Simu ikakatika.

Vigelegele navyo vikakatika. Mama Rispa akasema, "Ouma. Mbili gani hizo zilizotoka?"

Ouma akainamisha kichwa. "Mama, hatukukuambia."

Nikaegesha gari kando ya barabara. Kioo kidogo kilinionyesha uso wa yule mama, nao ulikuwa umebadilika. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Krismasi iliyotangulia, mbele ya wake wengine wa nyumba ile, alimwambia Akoth kwamba shamba lisilozaa huachiwa magugu. Akoth alikuwa amepoteza mimba ya pili majuma matatu kabla ya hapo. Alisikia, akamjazia mama mkwe chai. Siri ya mtungi iulize kata.

"Owino, nyathina," akaniita kwa Kijaluo, yaani mwanangu, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Wewe umefungua nyumba ya dada yako, na sisi tukaingia bila kubisha hodi. Mimi nimekuta mle ndani kitu ambacho nilihitaji kukiona, hata kikinichoma. Lakini usije ukaniambia kwamba mambo yameenda vizuri. Mwizi hata akiingia na zawadi, ameingia kwa dirisha. Nilikuuliza kama anajua tunamsikia. Ukanionyesha sauti."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema, "Mama, nisamehe."

"Si mimi. Washa gari, twende kwake."

Harusi tukaisahau. Tulipita mji moja kwa moja hadi Nyamasaria. Mama Rispa akaomba aingie kwanza, peke yake. Mimi na Ouma tukabaki nje. Ouma hakutulia. Alitembea kutoka kwenye lango hadi kwenye gari, anatabasamu, anaogopa, anatabasamu tena. Mara tulisikia kilio ndani, sauti mbili, ya mzee na ya kijana. Kisha, niamini, tukasikia kicheko. Ouma hakungoja kuitwa. Aliruka ngazi mbili kwa hatua moja.

Akoth alitoka baadaye akanikuta nimeegemea gari. Nilingoja anitukane, ingekuwa rahisi. Akasema, "Kaka, miaka saba nilikuwa nangoja kumpa mume wangu habari hii kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeshajua hata nitasimama wapi nikimwambia. Umempa wewe." Akarudi ndani.

Maji yakimwagika hayazoleki. Alinisamehe, ndiyo, alisema hivyo. Lakini miezi yote iliyofuata hakunipigia simu. Aliniandikia ujumbe tu, maneno machache, kama mtu anayeongea na ofisi. Nami niliitazama ile redio na sikuipenda tena kama mwanzo. Nilirudi kwa fundi, nikamwomba anifundishe upya kile kitufe cha pili. Nilikifanyia mazoezi hadi nikakipata bila kutazama.

Siku moja ya mvua nilikuwa natoka Dunga na wateja wawili garini. Simu ikaita. Akoth. Nikaegesha, nikabonyeza kitufe kile, nikatoka nje kwenye matope, simu sikioni.

"Uko peke yako?" akauliza.

"Niko nje, kwa mvua. Watu wako ndani ya gari, hawasikii."

Akacheka, kicheko chake cha utotoni. "Ni msichana, kaka! Analia kama wewe ukiimba! Ouma alitaka akupigie yeye, nikamnyang'anya simu. Nikamwambia, kaka Owino nitamwambia mwenyewe."

Nilirukaruka kando ya barabara ile mpaka kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Wateja wakateremsha kioo. "Mzee, kuna nini?"

"Kuna jambo kubwa sana," nikawajibu, "na nitawaambia mwenye nalo akiniruhusu."

Sasa, mwanangu, wewe unayeshika usukani leo, sikukatazi kuongea na simu kwa spika za gari. Ni neema, maana mikono miwili kwenye usukani imeokoa wengi. Ila jifunze vitufe vyote kabla hujaondoka nyumbani, si kile tu kinachokupa sifa. Simu ikiingia, usianze na "sema tu". Anza na majina ya waliomo: "Niko na fulani na fulani, tunakusikia sote." Mpe mwenzako nafasi ya kuchagua. Na likiwa jambo zito, egesha, shuka, msikilize kwa sikio lako moja, kwa sababu habari ya mtu ni mali yake, hata iwe njema kiasi gani, na mwenye kuitoa ni yeye.

Nenda basi. Mungu akufungulie barabara, akulinde kwenye kila kona, na watu wakuletee siri zao bila hofu, kwa sababu wanajua kwako zitalala salama.