Chungu cha Tumbaku cha Kukhu

Ni mwaka ule nzige walikula mtama wetu, nasi tukawala wao, tukiwakaanga kwa chumvi, mpaka hata kuku wakawakinai. Ukiwa wa rika langu umeshaujua. Watoto wa siku hizi wakiona panzi kwenye sukumawiki wanapiga nduru.

Kwetu Kimilili, kijana akitaka msichana alimpelekea nyanya yake tumbaku. Nyanya akiitia chunguni mwake, amekubali. Chungu cha Kukhu, mama ya baba, kilikaa ubavuni mwa mtungi wa maji, ndani kimetandikwa ganda la mgomba lenye unyevu. Likilowa sana, tumbaku inaota ukungu. Likikauka, inakuchoma koo. Mimi ndiye nililibadilisha. Na harufu yake ukifunua! Asali na udongo wa mvua. Ningepewa kuinusa leo, mara moja tu, ningelia.

Wekesa alikuwa mpishi wa mzungu huko Kitale. Alimpenda dada yangu Nasimiyu, na dada naye chakula hakikupita kooni kwa ajili yake. Wekesa akaleta sigara nene alizopewa na bwana wake, zimekauka, ukizishika zinalia kama maganda ya mahindi.

Baba akacheka. "Ati hii ni tumbaku? Si ni kuni hizi!"

Kukhu hakucheka. Akazipanga chunguni, akafunika. "Ziache zinywe polepole."

Mwezi ulipokwisha zilikuwa laini kama sikio la ndama. Kukhu akawasha moja, akaigeuza, moto ndani ya mdomo, walivyovuta mama wa zamani, akafumba macho. Nasimiyu akaanza tena kuimba akienda mtoni.

Kisha baba akamleta mzee wa Myanga, mwenye ng'ombe wengi na wake wawili, na furushi la tumbaku nzuri kabisa. Dada alijibanza nyuma ya nyumba. Kukhu akalinusa furushi, akalirudisha.

"Chungu changu kimejaa."

Baba akafunua kifuniko. Sigara chache tu, chini kabisa. "Mama, si kuna nafasi hapa!"

Siku hizi wasichana wanachaguana na vijana kwenye simu, na hao vijana wanavuta vijiti vikavu vya pakiti, wanakohoa kama mbuzi. Nyanya haulizwi kitu. Labda ni sawa, bana. Lakini mimi namkumbuka sana yule mwanamke, alivyokifunika chungu polepole, akamtazama mwanawe machoni:

"Chungu changu kimejaa."