Windows 10 imeingia, kurasa za bibi zimetoka

Leo kaka yangu ameokoa nyimbo zake zote na kufuta maneno ya bibi yetu.

Kompyuta ya nyumbani ilikuwa bado na Windows 7. Ilikuwa nzito: ukiiwasha, unaweka sombe, mboga ya majani ya muhogo, motoni ndipo unarudi. Lakini ilitunza kurasa zangu kumi na mbili, bibi akisimulia alivyokimbia vita na watoto sita hadi Kasenyi. Jumatatu ningempa mwalimu kurasa hizo.

Leo umeme ulikuwepo, basi kaka yangu, Yaya Héritier, akaamua kufuta yote na kuweka Windows 10. Nilimuuliza mara tatu.

"Yaya, umekopia maandishi yangu?"

"Weye na woga yako! Yote iko ku clé USB."

Sasa mashine inawaka upesi, kweli. Picha zinang'aa. Nikachomeka ile clé, yaani flashi.

Nyimbo. Nyimbo tu. Hakuna hata ukurasa mmoja.

"Clé ilijaa," akasema, macho chini. "Nilianzaka na miziki."

Kwa hiyo alijua kabla ya kufuta! Hilo ndilo linaloniuma.

Nikampigia bibi simu, yuko Nyakasanza. Nililia. Yeye akacheka.

"Mashine njo ilisahau, mutoto wangu. Miye sijasahau. Kuya na cahier."

Naenda kesho na daftari. Yaya anaomba kunisindikiza. Mngekuwa ninyi, mngekubali?

Mimi nimekubali. Ila daftari nitalibeba mwenyewe.