Chaki Mlangoni kwa Bi Mwanakombo

Tangu juzi napita njia za uani nisionekane, na sababu ni hii.

Siku hizi madukani hakuna sabuni wala sukari, sembuse chaki. Mimi nawafundisha bure, kila alasiri, watoto wa hapa Kigombe waliokosa shule, na chaki zenyewe namlilia rafiki yangu wa Tanga mjini. Zikaanza kwisha upesi. Kwamba naandika herufi kubwa kama za bango la mkutano, hilo sikulifikiria. Nikawashuku watoto, nikawa nawapekua mifuko, mimi ninayejisifu kuwapenda.

Juzi nikaona mlango wa Bi Mwanakombo, bibi yake mwanafunzi wangu Zuhura, umejaa a, e, i, o, u, nyeupe pee. Nikamwendea balozi wa nyumba kumi, nikaja naye, majirani nyuma yetu. Kwa hasira hata kuamkia nikasahau.

"Marahaba, mwalimu," bibi akaitikia shikamoo nisiyoitoa.

"Chaki zangu ziko wapi?"

Akaingia ndani, akatoka na ungo wenye vipande vyeupe. Nikamgeukia balozi. "Umeona mwenyewe?"

"Onja," bibi akaniambia.

Nikatafuna mbele ya watu wote. Makopa! Muhogo mkavu mtupu. Ndipo nikaona, chini ya zile herufi, jina zima la Bi Mwanakombo, alilofundishwa na mjukuu wake.

"Meza tu, mwalimu," akasema. "Ndicho chakula chetu cha jioni, lakini jina langu nimeshaliandika."