Siku Niliyokalia Lindo la Asali

Juzi mjukuu wangu alibandika masega jikoni ili ayeyushe nta. Harufu ya nta ya moto iliponifikia kibarazani nikaacha kuchambua mchicha. Ilikuwa na moshi kidogo, utamu kidogo, na kitu kama gome bichi la mti. Nikajiona niko Ipole, kijijini kwetu, nina miaka tisa au kumi, zamani za Mwingereza, na Baba anataka kufa.

Niwataje kwanza waliokuwepo, nisije nikawachanganya. Alikuwepo Baba, jina lake Maganga, mrina asali. Alikuwepo Bibi Nyamizi, aliyemzaa Baba. Alikuwepo Shangazi Kalunde, dada yake Baba wa tumbo moja. Yeye aliolewa Kigwa, kule relini, akaja kwa treni mpaka Tabora, na kutoka Tabora akadandia lori la tumbaku. Mama yangu, Elizabeti, alikuwa ametoka kwenda kumwagilia vitalu vya tumbaku. Dresa Petro wa zahanati alifika asubuhi, akaenda zake, akarudi baadaye. Na mimi, Marta, mtoto wa kwanza.

Baba alikuwa mtu wa porini. Msimu wa asali ukifika aliingia miomboni na wenzake, akakaa huko majuma kadhaa, akarudi ananuka moshi na amenenepa mashavu. Mwaka ule alirudi amekonda, mkanda unamzunguka kiunoni karibu mara mbili. Akawa anakula kwa namna ya kutisha. Alikuwa anamaliza bonge la ugali la kutosha watu watatu, ananawa, na kabla mikono haijakauka anauliza kama kuna kiporo. Maji alikunywa kata baada ya kata, mpaka Mama akawa anakwenda kisimani mara nne kwa siku. Na alivyozidi kula ndivyo alivyozidi kukonda.

Kwetu mrina asali akidhoofika hurudishiwa nguvu kwa asali ya mzinga wake mwenyewe, ule wa kwanza kuutundika alipokuwa kijana. Basi Bibi akawa anamkorogea kila asubuhi bakuli la uji, na asali humo bila kupima. Sote tulifurahi tukimwona anavyolikomba lile bakuli. Sisi wenyewe ndio tuliokuwa tukimmaliza, wala hatukujua.

Mimi niliona jambo ambalo wakubwa hawakuliona. Nyuma ya ua, pale Baba aliposimama kukojoa alfajiri, sisimizi walikuwa wanajaa, msururu mweusi kutoka kila upande. Niliona fahari sana. Niliwaambia watoto wenzangu kwamba baba zao ni warina asali wa kawaida, lakini wangu amekuwa asali mwenyewe, hata sisimizi wanamjua. Siku Dresa Petro alipokuja kumtazama Baba, nikamwambia na yeye, kifua mbele. Dresa alikuwa mtu wa kucheka, ila siku ile hakucheka. Aliniomba nimwonyeshe mahali penyewe. Akachuchumaa akatazama, kisha akaenda kuzungumza na Mama, na kesho yake Baba akapelekwa Tabora.

Alikaa hospitali muda mrefu. Aliporudi alikuwa na kichupa cha dawa ya sindano, ambacho Mama alikifunga kwenye kitambaa na kukifukia kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji, kisipate joto. Dresa Petro akawa anapita kila asubuhi na baiskeli yake, anachemsha sindano kwenye sufuria ndogo, anamchoma Baba paja, anaendelea na safari. Siku ya kwanza alikaa na Mama kwenye kigoda akamweleza mengi: ale nini, kiasi gani, saa ngapi. Mimi nilikuwa pembeni nasikia vipande tu. Alipomaliza ndipo akaniita. Alikwisha kunikamata mara mbili nikilamba asali.

"Marta, wewe ndiye askari. Baba yako asiionje asali. Ni sumu kwake."

Asali yenyewe ilikuwa ndani ya lindo, lile pipa la gome la mti lenye kifuniko cha mbao, limesimama kwenye kona ya nyumba likisubiri kupelekwa Sikonge kuuzwa. Kuanzia siku ile nikalichunga. Hata nikitumwa kuni nilirudi mbio.

Sasa, njaa ya Baba haikuisha kwa sababu ya sindano. Ilipungua, lakini kwa kipimo kile cha chakula alichopewa ilikuwa inamtesa. Alikuwa anakaa akitazama moshi wa jikoni za watu. Shangazi Kalunde alipokuja kumwona, jambo hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Akatoa kwenye pindo la khanga unga wa mizizi, mchungu kuliko mwarobaini, aliopewa na mama mmoja wa Kigwa. Akasema ni dawa ya kukata njaa, na sukari nayo inaifukuza. Baba akawa anaukoroga kwenye maji, asubuhi na jioni, na kweli njaa ikakatika. Shangazi alitembea pale uani kama aliyeoa mwanamke wa pili. Mama alinyamaza, maana wifi ni wifi. Dresa hakuambiwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya tatu tangu Baba aanze ule unga. Dresa akaja, akachoma sindano, akaondoka. Mama alikwisha kwenda vitaluni, ameacha ugali wa mtama na mlenda vimefunikwa. Baba akafunua, akatazama, akafunika tena. Akasema hana hamu. Shangazi akamsifu. Baba akachukua tezo akaenda kuchonga mzinga kivulini, na Bibi akaendelea kumenya karanga.

Jua lilikuwa halijapanda sana niliposikia tezo imeanguka. Baba alikuwa amekaa, mikono inatetemeka, shati limelowa kama aliyenyeshewa, na asubuhi ile haikuwa na joto. Akainuka, akaja ndani kwa hatua za mlevi. Nikajua anakokwenda. Nikamtangulia, nikapanda juu ya kifuniko cha lindo nikakaa.

"Marta, mwanangu," akasema. "Kidole kimoja tu."

"Dresa amekataza, Baba."

Akanishika mkono akanivuta. Nikajikaza. Akavuta tena, na safari hii nikasikia jinsi nguvu zake zilivyo ndogo, kama za mtoto anayejifunza kutembea. Akaniita kwa jina ambalo si langu. Kisha magoti yakamwishia akaanguka ubavu, hapo miguuni pangu.

Shangazi alikuwa mlangoni. Akasema niachwe, mtoto nimefundishwa vizuri, asali ndiyo iliyomfikisha ndugu yake hapo. Nikazidi kukandamiza kifuniko.

Bibi akaingia na maganda ya karanga yamejaa kwenye khanga. Alimtazama mwanawe kidogo tu. Siku zote alikuwa akiniita mke mwenza, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, lakini siku ile hakuniita chochote. Alinishika bega akaniondoa juu ya lindo kama anayeondoa paka kwenye unga. Akazamisha vidole kwenye asali, akakaa chini, akampakata Baba kichwa, akawa anampaka kwenye fizi na ndani ya mashavu, kidogo kidogo. Mimi nalia, namwambia anamuua Baba.

"Huyu nimemzaa mimi," akasema bila kuinua uso. "Jasho hili ni la njaa. Baba yangu alikuwa mpagazi. Pale Mgunda Mkali, lile pori lisilo na maji, walianguka hivi hivi, mizigo kichwani, wakapakwa asali kabla ya kupewa maji. Wewe lia, ila usinishike mkono."

Sijui ilichukua muda gani. Baba alimeza. Baadaye akafumbua macho, akauliza kwa nini tumemzunguka. Bibi akamlisha ugali kwa mkono wake, tonge kwa tonge, na alipokataa akamwambia atampiga, na Baba, mtu mzima mwenye ndevu, akala.

Dresa Petro aliitwa. Mimi ndiye niliyempokea, nikamshtaki Bibi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuchuchumaa mbele ya Bibi akamshika miguu. Akatueleza kwamba sindano inaishusha sukari na chakula kinaipandisha, lazima viende pamoja. Asubuhi ile sindano ilifanya kazi yake, unga ukazuia chakula, na huenda nao uliishusha zaidi. Alikwisha kumwambia Mama kwamba Baba akitetemeka apewe kitu kitamu upesi. Mama hakufikiria kumwambia mtoto. Shangazi aliuleta ule unga mwenyewe, akaukabidhi kwa mikono miwili, akatoka nje kulia. Simlaumu. Alikuwa anampenda.

Jioni Baba aliniita. Akaniambia nilikaa vizuri pale juu ya lindo, kwamba askari ndivyo alivyo. Nililala na furaha, na kwa siku nyingi sikumsemesha Bibi, nikiamini amevunja sheria na bahati tu imemwokoa.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mimi nilizeeka, na ugonjwa ule ule ukanijia, nikajifunza kwa mwili wangu kile kijasho cha baridi, na midomo inayokufa ganzi, na jinsi mtu anavyotamani kitu kitamu kama anayezama anavyotamani hewa. Ndipo nilipoelewa Baba aliona nini siku ile alipokuwa ananitazama kutoka chini. Na nikaelewa kwamba hakunisifu kwa sababu nilifanya vema. Alinisifu nisije nikalibeba jambo lile peke yangu. Lakini kuna kitu ambacho hakukijua, wala sijapata kumwambia mtu: aliponivuta akashindwa, nilifurahi. Nilifurahi kuona nina nguvu kuliko Baba.

Nimesimulia kama ninavyokumbuka. Watoto wa Shangazi Kalunde wapo bado Kigwa, na mama yao aliona yote akiwa mlangoni. Nimesema Baba alinivuta mkono mara mbili. Kama mama yenu aliwahi kuwaambia kwamba ni mara tatu, nanyi mkasoma haya, nisahihisheni.