Dakika Moja ya Kumkumbuka Mama Wycliffe

Wasee, hii stori huwa siisimulii, kwa sababu nikifika pale mama anapoinamisha kichwa masikio huanza kunichoma, lakini kwa vile mmeniuliza mbona siku hizi sisomi tena pale ukumbini, wacha niwaambie mcheke muishe.

Ile jioni ya kusoma hadithi mnaijua. Sheria ni moja: unasoma jambo la kweli lililokupata, na atakayeshangiliwa zaidi anaingia kwenye kitabu wanachochapisha. Nilikitaka hicho kitabu vibaya sana. Taabu ni kwamba mimi ni mtoto wa Donholm, nimelelewa kwa chai ya maziwa, na shida kubwa niliyowahi kuona ni maji kupotea. Mwezi uliotangulia nilisoma juu ya hayo maji, watu wakaanza kuangalia simu zao. Kisha akapanda jamaa mmoja wa ndevu za kuchanwa, akasoma alivyokuwa akilala mtaroni, ukumbi mzima ukapangusa macho (na huo mtaro hajawahi kuukanyaga, babake ana lojing ya wageni kule Eastleigh). Nikaona kumbe hapa watu hawaji kusikiliza hadithi, wanakuja kuangalia kidonda, na kama huna, jikwaruze.

Basi nikamuua mama.

Kwa karatasi tu, jamani. Nilimfisha Majengo, kwenye chumba cha mabati, akaniachia sufuria moja na Biblia isiyo na jalada, na wakati nayaandika hayo mama mwenyewe yuko sebuleni ananipigia pasi shati la kwenda kusomea. Akauliza kama anaweza kuja. Nikamwambia hapana, ni mambo ya vijana, utaboeka.

Nikasoma. Sauti niliitetemesha pale pa kutetemesha, dada mmoja wa mbele akaanza kwikwi, mpaka MC naye akashindwa, akaomba sote tusimame dakika moja kwa ajili ya marehemu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, moyoni najiona kitabuni.

Mlango ukafunguliwa taratibu. Nikachungulia kwa jicho moja, nikamwona mama, na gauni lake la Pasaka, na nyuma yake akina mama wawili wa jumuiya ya kanisani aliowaleta waje wamwone mtoto wake akisoma. Na kwa vile ni mtu wa adabu, alipokuta watu wamesimama kimya hakuuliza kitu, aliweka mkoba chini, akainamisha kichwa, akafumba macho, akaanza kumwombea huyo aliyekufa. Midomo ilikuwa inacheza kabisa.

Dakika ikaisha, MC akasema Mungu amlaze Mama Wycliffe mahali pema. Mama Shiro, mmoja wa wale aliokuja nao, akauliza kwa ile sauti yake ya kwaya, "Mama Wycliffe gani? Si ndiye huyu?"

Kile kicheko sitakisahau, na aliyecheka zaidi ni yule wa ndevu, mwizi wa shida mwenzangu. Mama hakucheka. Aliniangalia pale jukwaani, mimi na shati lake la pasi, akauliza polepole, "Wycliffe, nilikufa lini?"

Aliokota mkoba akatoka, wenzake wakamshika mkono huku na huku kama mfiwa, na nikaona aibu iliyompata mbele yao kuwa kubwa kuliko yangu.

Nyumbani nilimkuta anatazama habari, meza tupu, jikoni kimya. Nikazungukazunguka, mwishowe nikauliza tunakula nini.

"Marehemu hapiki," akasema, wala hakugeuka.

Wiki nzima nilijipikia ugali mbichi nikaula na machozi, safari hii ya kweli. Siku hizi amenisamehe, nami nimeapa sitamzika mtu aliye hai hata kwa penseli. Ila vyombo vikijaa kwenye sinki, mama hulala chali kwenye kochi, anajifunika leso gubigubi, anakunja mikono kifuani. Nami huviosha, kimya, kwa zaidi ya dakika moja.