Kitenzi Kimoja Kwenye Daftari la Modesta

Saa mbili kasorobo asubuhi, Modesta Kija amesimama mbele ya meza ya chuma, kisu mkononi, midomo ikitembea bila sauti. Amevaa mabuti meupe na aproni inayofika magotini, na kofia ya nailoni imefunika nywele zote. Anayemtazama kwa mbali angedhani anasali.

Hasali. Anapitia vitenzi vya Kiingereza.

"Wash hands. Wear gloves. Sharpen the knife," ananong'ona, na kila akitaja kitu mkono wake unakigusa: bomba, glovu, kinoo.

Baada ya robo saa ataitwa kwenye usaili. Kiwanda hiki cha samaki kando ya ziwa kinatafuta msimamizi wa meza za kukata minofu, na msimamizi lazima aweze kuzungumza na wakaguzi wa wanunuzi wa ng'ambo. Modesta ana miaka arobaini na mitatu. Kumi na tisa kati ya hiyo amekata sangara hapa, samaki mia mbili kwa zamu, mikono ikiwa ndani ya maji ya barafu.

Kwa wengine nafasi hii ni kupanda cheo. Kwake ni vidole. Vitatu vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi, na mwezi wa pili alijikata hadi mfupani asijue mpaka alipoona maji yamekuwa mekundu.

"Daktari aliniambia, mama, baridi hii ukiipa mwaka mwingine, kisu utakishika kwa meno," anasema, kisha anacheka. Mwandishi wa makala haya alishindwa kucheka naye.

Kuacha kazi hawezi. Anaishi mtaa wa Pasiansi na binti yake, Queen, aliye kidato cha tatu, na hakuna mwingine wa kuleta unga nyumbani. Njia ni moja: atoke kwenye maji akiwa bado ndani ya kiwanda.

Aliwahi kujaribu. Miaka miwili iliyopita alichukua kitabu cha zamani cha Queen, chenye vitenzi mia tatu kwenye kurasa za nyuma, vilivyopangwa kwa alfabeti, akavikariri vyote huku akikata samaki. Siku ya usaili akaambiwa aeleze kazi yake.

"Vitenzi vilikuja vyote, lakini vilikuja vitupu," anakumbuka. "Nikasema I do fish. Nikasema I make knife. Nikamwona bwana mmoja pale mwisho anafuta machozi kwa kicheko. Nilitamani sakafu inimeze."

Nafasi akapewa kijana mwenye cheti, ambaye hakumaliza mwaka.

Aliyemwokoa ni jirani yake, Paskazia, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nyumbani kwa Paskazia mgeni haji mikono mitupu, hata kama ni nyanya mbili ataleta, na mama huyo aliamua kuwa vitenzi navyo vitafuata utaratibu huo huo.

"Nilimuuliza, sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki. Nani kaumia hapo?" anasema Paskazia. "Kila kitenzi kina vitu vyake kilivyozoeana navyo. Wazungu nao wana vyao. Huwezi kukijua kitenzi mpaka ujue kinatembea na nani."

Akampa daftari la kurasa mia moja, ukurasa mmoja kwa kila kitenzi. Modesta haruhusiwi kuandika nomino yoyote mpaka mkono wake uwe umefanya jambo lenyewe. Ukurasa wa "take" umejaa hadi pembeni: kuchukua sampuli, kupumzika, kuandika kumbukumbu, kupima joto. Kwa Kiswahili ni mambo manne tofauti. Kwa Kiingereza yote yameolewa nyumba moja.

Ukurasa mmoja tu uko mtupu. Juu yake imeandikwa "reject", yaani kukataa kitu kwa kuwa hakifai.

"Nikiandike na nini?" anauliza. "Sisi tunaletewa samaki, tunakata. Kukataa ni kazi ya wenye kalamu mfukoni."

Saa mbili kamili anaitwa. Ndani ya ofisi wamekaa watatu: Masalu, ambaye ni meneja wa uzalishaji; ofisa utumishi; na mkaguzi wa wanunuzi, mama mrefu asiyejua Kiswahili hata cha salamu. Mwandishi ameruhusiwa kukaa kwenye kona, sharti asiandike jina la kiwanda.

Swali la kwanza linaulizwa kwa Kiingereza: aeleze anachofanya kuanzia samaki anapofika.

Modesta anafungua mdomo. Hakuna kinachotoka. Anaitazama meza ya mbao iliyo mbele yake, haina kitu. Feni inazunguka. Ofisa utumishi anaangalia saa.

"Bosi, samahani," anasema mwishowe kwa Kiswahili, akimgeukia Masalu. "Hapa mezani hakuna kitu. Naomba twende kule chini."

Masalu anashusha pumzi kama mtu aliyejua itakuwa hivi. Mkaguzi anauliza kumesemwa nini, anatafsiriwa, na yeye ndiye anayesimama wa kwanza.

Chini, mbele ya meza ya chuma, Kiingereza kinarudi. Ananawa na kusema kuwa ananawa. Ananoa na kusema kuwa ananoa. Kila kitenzi kinashika kitu chake bila kukosea, na wanawake wa meza za jirani wanapunguza kasi ya visu ili wasikie.

Inafika hatua ya kupima joto. Kreti kumi na mbili zimepangwa kando ya mlango. Shimba, mkataji wa meza ya pili, anamgusa sangara wa juu na kumnong'oneza Modesta, "Wa baridi huyo, mama Queen. Kata tu."

Wakataji wote hupima kwa kidole, na hawakosei sana. Lakini Modesta vidole vyake haviamini tena. Anachukua kipimajoto na kukichoma kwenye nyama nene ya samaki.

Tisa. Mwisho unaoruhusiwa kiwandani hapa ni nyuzi nne.

Anachoma wa kreti ya tatu. Tisa na nusu. Baadaye ilijulikana kuwa samaki hao, kilo mia tatu na arobaini, waliingizwa kwa haraka ili meza zionekane zimejaa mgeni akifika, na hakuna aliyekumbuka kuongeza barafu.

"Modesta, endelea na hatua inayofuata," anasema Masalu kwa Kiswahili, taratibu. Kila mtu anamwelewa, isipokuwa mkaguzi.

"Nilijua nikisema, nimemwaibisha bosi mbele ya mgeni, na bosi ndiye mwenye nafasi," Modesta anasimulia. "Nilijua nikinyamaza, nimefaulu Kiingereza na kazi nimefeli."

"I reject," anasema, kisha anakwama. Kitenzi kimesimama peke yake, jambo ambalo Paskazia asingelivumilia. Anamtazama Masalu. Anazitazama kreti.

"I reject the fish," anasema. "Twelve crates."

Visu vyote vinanyamaza. Mkaguzi anaandika kitu kwenye karatasi yake, kisha anatoka. Masalu anamfuata bila kumtazama Modesta.

Siku tisa zilizofuata zilikuwa ndefu. Wakati wa chai Modesta alikaa peke yake. "Umetuchomea, mama Queen," Shimba alimwambia wazi. Zilivuma habari kwamba wanunuzi wanaondoka na zamu ya jioni itafungwa. Alirudisha vidole vyake kwenye maji ya barafu na kusubiri kufukuzwa.

Siku ya kumi Masalu alimletea bahasha mezani.

"Siku ile nilimchukia, sitaficha," meneja huyo amemwambia mwandishi. "Kumbe mgeni alizipima kreti zile asubuhi alipopita mlangoni. Alikaa kimya makusudi. Alitaka kuona nani kati yetu atasema, na kwa kuwa huyu alisema, wanunuzi wamebaki. Mimi sikusema. Hilo linaniuma mpaka leo."

Jioni ya siku ile ya bahasha, nyumbani Pasiansi, Modesta ametumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Queen amemshikia barua, na mama anaisoma mwenyewe, neno kwa neno, kwa Kiingereza. Msimamizi wa meza za kukata, miezi sita ya majaribio, kuanzia tarehe moja. Anairudia mara mbili.

Ana mpango. Kila Jumapili baada ya misa atawakusanya wakataji watano kwa Paskazia, kila mmoja na daftari lake. Shimba ameshaomba aandikwe wa kwanza, na ameahidi kuja na nyanya.

Kisha anafuta mikono, anafungua daftari kwenye ule ukurasa uliokuwa mtupu. Sasa una mstari mmoja, wenye mwandiko uliopinda wa mtu asiyeihisi kalamu vizuri.

"Namwomba Mungu usiongezeke wa pili," anasema. "Lakini kalamu naiweka karibu."