Shamba Lililoshindiliwa

Ardhi ikishindiliwa haipigi kelele. Ndiyo maana watu wanachelewa kujua.

Miaka ile ya sabini, tulipokwisha kusogezwa kijijini hapa Mpimbwe, likaja trekta la kijiji. Padri alilinyunyizia maji ya baraka, na sisi wanawake tukapiga vigelegele. Mimi nilipiga kuliko wote. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kulimiwa, na zamu yetu ikaangukia baada ya mvua kubwa. Udongo wa shamba letu ni mfinyanzi mweusi, ukilowa unamshika mtu mguu. Nikamwambia mume wangu, "Waambie wasubiri pakauke."

"Zamu ikipita imepita," akasema. "Unataka tushike jembe la mkono wakati wenzetu wamekaa kivulini?"

Trekta likaingia. Magurudumu yakazama, dereva akakanyaga mafuta, likatoka, likazama tena mbele. Watu walishangilia kama wako ngomani.

Mahindi yaliota vizuri. Yalipofika magotini yakawa ya njano. Mvua ikinyesha, maji yanakaa juu kama umeyamwaga sakafuni. Nikang'oa shina moja la mahindi nitazame mizizi. Imeshuka kidogo, imekutana na kigumu, imekunja kona na kwenda pembeni. Kilichotoka shambani mwaka ule kilikuwa magunzi yenye punje hapa na pale, kama kinywa cha kibogoyo.

Mume wangu akasema shamba limekufa. Alishaona msitu kule ng'ambo ya mto, ardhi ambayo haijaguswa, akataka tukafyeke. Kule ni mwendo wa kutwa. Maana yake, ama yeye analala kibandani msimu mzima na mimi nabaki na watoto pamoja na mama yake, ambaye macho yalikuwa yameanza kumwacha, ama tunahama wote na watoto wanaacha shule. Yeye alikwisha kufunga mzigo: panga, shoka, na dagaa wa Ikola wa kumtosha kuanzia. Mimi nikakataa.

"Shamba hili alinipa mama yako," nikamwambia. "Halijafa. Limekanyagwa."

"Basi lifufue, wewe mwenye dawa."

"Nipe msimu mmoja."

"Mmoja," akasema. "Yakiwa ya njano tena, unafunga vyombo na sitaki kusikia mdomo."

Nikaenda kwa jirani yetu Msukuma. Wasukuma walikuwa wamekuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na watu wetu wengi walikuwa wakiwanung'unikia. Mimi nilikuwa nimetazama kitu kimoja tu: kila walipohamisha zizi, pale lilipokuwa panatoka maboga makubwa kama vigoda. Nikaongea na mama wa mji ule, naye akaongea na mume wake, tukakubaliana. Ng'ombe walale shambani kwangu kiangazi chote, wale mabua, na zizi la miiba liwe linasogezwa kidogo kidogo mpaka shamba liishe. Sharti langu lilikuwa hili: mvua ya kwanza ikigusa ardhi, ng'ombe watoke. Kwato kwenye udongo mkavu si neno. Kwenye udongo uliolowa zinashindilia kama trekta lilelile.

Mwaka huo wenzangu walichoma mabua yao, mimi sikuwasha hata kijiti. Zizi likisogea, naingia nyuma yake na jembe, navunja kile kigumu na kuzika samadi humo. Ngozi ya viganja ilitoka.

Mwanakijiji mmoja akapita njiani akasema, "Mama, unalima au unachimba kaburi?"

"Nachimba lako. Pita upesi kabla halijawa tayari."

Sasa mvua ikaja kabla ya wakati wake, Jumapili, natoka misa. Mume wangu alikuwa amebaki kwenye kikao cha kanisa. Matone ya kwanza yananigonga kichwani, nakimbia, nafika kwa jirani nahema.

"Mama, ng'ombe watoke!"

"Mzee hayupo, mayu," akasema mke wa jirani. Mayu ndivyo walivyoniita, yaani mama. "Amekwenda mnadani Mpanda na vijana. Ng'ombe ni wake. Mimi siwezi kuwahamisha bila neno lake."

"Neno alishalitoa. Mvua ya kwanza, wanatoka."

"Alitoa kwako. Kwangu hakusema niwapeleke wapi. Mmoja akipotea, wewe utalala nje kwa ajili yangu?"

Hapo alisema kweli, na mimi nikawa na hasira zaidi kwa sababu alisema kweli. Nikaenda shambani nikiwa na gauni la kanisani na kuanza kuvuta miiba ya zizi kwa mikono. Zizi liko wazi, ng'ombe wananitazama tu, wanatafuna. Mvua inaongezeka. Pale waliposimama udongo umeanza kuwa uji.

Nikakimbilia nyumbani, nikachukua chumvi yote ya nyumba, na miaka ile chumvi haikuwa kitu cha kumwaga. Nikaitia kwenye ungo, nikarudi, nikampa yule dume kubwa alambe kiganja. Nikageuka nikaanza kutembea. Akanifuata, na wenzake wakafuata nyuma yake, mpaka uwanjani kwangu, mbele ya mlango.

Yule mama alikuwa ameshika kiuno njiani, anacheka mpaka anajipangusa machozi. "Mayu! Wewe ni mwizi wa ng'ombe!"

"Njoo uzuie wasiingie jikoni, acha kutoa meno nje."

Akaja. Tukazungusha miiba, yeye akiwa bado anacheka.

Mume wangu alitoka kikaoni akakuta ng'ombe wameujaza uwanja, mmoja analamba kiti chake.

"Hii ni nini?"

"Ni shamba letu linapona."

"Na mimi nipite wapi?"

"Pita kwa nyuma. Na mboga leo haina chumvi."

Jirani aliporudi kutoka Mpanda aliuliza nani kahamisha ng'ombe wake. Mke wake akajibu, "Mimi sikuwahamisha, na mayu hakuwaswaga. Wamehamishwa na chumvi." Mzee alicheka. Udongo ulipokauka kiasi, akaja mwenyewe kunilimia kwa maksai wawili na plau ambayo mtu mmoja aliibeba begani. Zamu yetu ya trekta tuliwaachia wengine. Walitusema, wakachoka.

Mahindi ya msimu ule yalisimama kijani kibichi, isipokuwa kona moja. Ile waliyoikanyaga ng'ombe mvua ilipoanza, wakati mimi nabishana na mke wa mtu, ilibaki ya njano.

Tulikuwa tunavuna jirani alipopita kutusalimia. Mume wangu hakunitazama. Akanyoosha mkono kwenye ile kona.

"Jirani, kiangazi hiki ng'ombe waanzie pale," akasema. "Na mvua zikikaribia, usiende mnadani."

Nikaendelea kuvunja mahindi. Safari ya msituni hakuitaja tena, na mimi sikumkumbusha.